Ajali ina kinga

Wiki iliyopita nilikuwa Kisauni, Mombasa, kwenye uwanja wa kuoshea magari, nimealikwa kuzungumza na madereva na makondakta wa matatu juu ya mwendo. Hata sijaanza, dereva mmoja mtu mzima akaniambia, "Injinia, tutakusikiliza kwa heshima. Lakini ajali haina kinga. Siku ya mtu ikifika, imefika."

Hakuwa akibisha. Ndivyo tunavyopozana matangani, na neno lenyewe limebeba maana hiyo: ajali tumeitoa kwa Kiarabu, *ajal*, muda aliowekewa mtu. Mimi pia ni mtu wa imani, na sina neno na kudra ya Mungu. Ila kazi yangu ni barabara, na miaka yote niliyoifanya imenionyesha kwamba vifo vingi vya barabarani vina hesabu, na hesabu hiyo iko mikononi mwetu.

Nikaomba chaki. Nikapiga mstari sakafuni, kisha kondakta mmoja akauweka mtungi mtupu wa lita 20 mbele yangu, mita kumi na tatu na nusu. Mtungi ni mtoto wa shule aliyechomoza nyuma ya tuktuk. Dereva yuko macho, breki ni nzima, lami ni kavu. Tangu amwone mtoto hadi mguu ukanyage breki hupita kama sekunde moja. Akiwa kwenye kilomita 30 kwa saa, sekunde hiyo inakula mita 8, breki zinakula mita 5, na gari linasimama mtungi ukiwa mbele ya bampa. Akiwa kwenye 50, sekunde hiyo hiyo peke yake ni karibu mita 14. Mtoto ameshagongwa, kwa 50 kamili, na mguu bado haujagusa breki.

Madereva walinyamaza. Nikawauliza nani hajawahi kusikia habari ya mgema aliyeanguka mnazini. Kugongwa kwa kasi ya 30 ni kama kuanguka kutoka mita tatu na nusu. Utaumia, pengine utavunjika, lakini wengi huinuka. Kwa 50 ni kama kuanguka kutoka karibu mita 10. Kwa 80 ni mita 25, na minazi ya urefu huo ni michache. Sababu ni kwamba nguvu ya kishindo haipandi sambamba na mwendo: mwendo ukizidi mara mbili, nguvu inazidi mara nne. Mtafiti Göran Nilsson wa Uswidi aliuona mtindo huo kwenye takwimu za ajali, tena mkali zaidi: wastani wa mwendo barabarani ukipungua kwa asilimia 10, vifo hupungua kwa karibu thuluthi moja.

Dereva mwingine akasema wao wana spidi gavana, kifaa kinachozuia gari kupita kasi iliyowekwa. Kweli. Mwaka 2004, kanuni za waziri John Michuki zilipoanza kutekelezwa, matatu zilifungwa gavana za kilomita 80 kwa saa na abiria wakavaa mikanda, na ninaamini kanuni zile ziliokoa watu. Lakini 80 ni kiwango cha barabara kuu. Gavana haijui kwamba umefika Bombolulu na akina mama wanavuka na mafurushi kichwani. Sheria inataka 50 ndani ya mji. Kifaa kinaridhika na 75.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaodhani kudhibiti mwendo ni kuongeza trafiki na mabango. Ingieni Mji wa Kale, Ndia Kuu hadi vichochoro vya nyuma. Nani amewahi kukimbiza gari mle? Kona ni kali, baraza zimebana njia, watoto wanacheza, na dereva anatambaa bila kuambiwa na mtu. Njia yenyewe imeshamwambia. Sasa tazama tunachofanya kwingine: tunapanua barabara, tunainyoosha, tunaitia lami laini, kisha tunasimika kibao cha 50 na kumlaumu dereva kwa kufuata kile barabara inachomwita afanye. Halafu watu wanakufa, wakazi wanachoma matairi, na matuta yanakuja baada ya mazishi. Jambo hili linaniuma kuliko yote katika fani yangu. Tuta lililochorwa kwenye ramani tangu mwanzo, au kivuko kilichoinuliwa usawa wa njia ya miguu, gharama yake ni ndogo mno ukiilinganisha na ya barabara yenyewe.

Je, tukifanya yote hayo vifo vitaisha kabisa? Mwaka 2019, Oslo nzima alikufa mtu mmoja tu barabarani, dereva aliyegonga uzio. Hakuna mwenda kwa miguu wala mwendesha baiskeli aliyeuawa. Helsinki ilimaliza mwaka mzima, kati ya 2024 na 2025, bila kifo hata kimoja, na zaidi ya nusu ya mitaa yake kikomo ni 30. Kwa hiyo sifuri si ndoto ya mtu. Kwetu Kenya, NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, ilihesabu vifo 4,324 nchini mwaka 2023 na 4,748 mwaka 2024, na kundi kubwa kuliko yote ni wale wanaotembea kwa miguu.

Lakini sitawadanganya: mwendo peke yake haufiki sifuri. Trela la kontena likikata kona Changamwe kwa kilomita 10 kwa saa, na mtu wa bodaboda yuko ubavuni ambako dereva hamwoni, magurudumu ya nyuma yatampitia. Hapo dawa ni vioo, njia ya pikipiki iliyotengwa, na saa maalumu za matrela. Kwenye barabara kuu pia, Uswidi, ambayo bunge lake lilipitisha lengo la sifuri mwaka 1997, iliokoa wengi kwa kutandika uzio wa waya katikati ya barabara ili magari yasikutane uso kwa uso. Mwaka 1997 walikufa watu 541 kule; mwaka 2020 walikufa 204. Bado hawajafika, na hawajabadilisha lengo.

Tulipokuwa tukiondoka, yule mtu mzima alibaki pale kwenye chaki. Akaniuliza, "Na kwa 40 je?" Tukapiga hesabu pamoja: breki zimeshaanza kushika, lakini mtungi unagongwa kwa karibu 35. Akauokota, akaurudisha nyuma hatua saba, akasimama mstarini kuutazama.