Usimtumie mgeni tiketi kabla ya faili kukamilika

Masika moja alinijia mzee mwenye kiwanda cha mawese njia ya Mwandiga, bahasha ya kaki mkononi. Ndani mlikuwa na nakala ya pasipoti ya fundi wa boila (mtambo wa mvuke) kutoka Malaysia, cheti chake cha ufundi, na barua ya kukataliwa kibali cha kazi. Akaniambia, "Binti, huyu ni mtaalamu kweli. Sasa wanataka nini tena?"

Nilisoma faili lake lote nikiwa nimesimama. Fundi hakuwa na kasoro yoyote. Kasoro ilikuwa kwamba faili lilimweleza fundi kurasa kumi na mbili, na kazi yenyewe likaieleza kwa mistari mitatu. Tangazo la kazi lilikuwa karatasi moja iliyobandikwa getini kwa wiki moja. Aliyetajwa kuwa Mtanzania atakayefundishwa kazi hiyo alikuwa mtoto wa dada yake, kidato cha nne, mchepuo wa sanaa, ambaye boila hajawahi kuigusa.

Nimefanya kazi ya vibali hapa Kigoma kwa miaka mingi, na hili ndilo ninalolirudia kwa kila mwajiri. Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015 inamtaka Kamishna wa Kazi ajiridhishe kwanza kwamba mwajiri ametafuta Mtanzania kwa kila njia akamkosa. Inamtaka pia mwajiri awe na mpango wa urithishaji, yaani nani atapokea ujuzi wa mgeni, kwa hatua zipi, na kwa muda gani. Anayeomba ni mwajiri, kwa hiyo maswali yote mawili yanamhusu yeye. Mgeni angekuwa na shahada tatu, hawezi kukujibia.

Tulianza upya. Kwanza daraja la kibali. Mzee alikuwa ameomba Daraja B kwa sababu aliambiwa B ni ya "wataalamu". Daraja B la kibali cha kazi ni la fani zilizotajwa: madaktari na watu wa afya, wataalamu wa mafuta na gesi, walimu na wahadhiri wa sayansi na hisabati. Na mafuta hayo ni petroli, si mawese. Fundi wa boila anaingia Daraja C, la fani nyingine. A ni la wawekezaji na waliojiajiri, D la kazi za dini na hisani, E la wakimbizi waliosajiliwa. Kinachowachanganya wengi ni kwamba vibali vya ukaazi vya Uhamiaji navyo vina herufi zake, ambapo B ndiyo ya walioajiriwa. Hivyo fundi yule yule ana C kwa Kamishna wa Kazi na B kwa Uhamiaji, na zote mbili ni sahihi. Lazima awe na vyote viwili. Kimoja hakifuti kingine.

Halafu tukatangaza kazi kama inavyotangazwa kazi: gazetini na kwa TaESA, chombo cha serikali cha huduma za ajira. Tangazo lilitaja boila, kupika mikungu kwa mvuke na mashine ya kukamua, pamoja na miaka ya uzoefu inayohitajika. Usiandike masharti yanayomfaa mtu mmoja tu duniani. Ofisa anayesoma mafaili kila siku atayatambua mara moja. Walijitokeza wawili. Tukawaita kwenye usaili, tukawapeleka mbele ya mtambo, tukaandika walichoweza na walichoshindwa. Kijana mmoja kutoka Mbeya aliijua mashine ya kukamua vizuri sana, lakini boila ya aina ile hakuwahi kuiwasha.

Hapo nikamwambia mzee, "Huyu ndiye mrithi wako." Alishangaa, maana alikuwa anamwona kama aliyefeli. Mwombaji anayekaribia kufaa ndiye mtu wa kuandikwa kwenye mpango wa urithishaji. Tulimwajiri, tukaweka jina lake, mkataba wake na ratiba: miezi mitatu kuangalia, sita kuwasha boila chini ya usimamizi, kisha zamu yake mwenyewe. Mpango wa namna hiyo ofisa wa kazi anaweza kuja kuukagua kiwandani akaukuta unatekelezwa. Ule wa mpwa ulikuwa wa karatasini tu.

Viambatisho vingine nitavitaja haraka maana havisumbui mtu aliyejipanga: usajili wa kampuni, leseni ya biashara, namba ya mlipakodi (TIN) na uthibitisho wa kodi, mkataba wa ajira uliosainiwa, wasifu na vyeti vya mgeni, muundo wa kazi wa kampuni. Maombi yanapita kwenye mfumo wa kielektroniki na ada hulipwa kwa namba ya malipo unayopewa humo. Yeyote anayekuomba ada hiyo mkononi, ondoka kwake.

Kwa fani zenye bodi, anza na bodi. Mhandisi mgeni anahitaji usajili wa Bodi ya Usajili wa Wahandisi, daktari anahitaji Baraza la Madaktari Tanganyika. Hapa Kigoma kuna jambo jingine, nalo ni vyeti vya Kifaransa kutoka Bujumbura, Kalemie au Lubumbashi. Niliwahi kupeleka faili la muuguzi nikiwa na tafsiri ya cheti tu, nikaacha orodha ya masomo na alama bila tafsiri. Lilirudishwa, na zahanati ikakaa wiki nyingi ikiwa na pengo la wodini ambalo lilikuwa kosa langu. Tangu siku hiyo hakuna karatasi ya Kifaransa inayotoka mezani kwangu bila tafsiri ya mfasiri anayetambulika.

Na hao majirani zetu ndio ninaowahofia zaidi, kwa sababu waajiri wanaamini hawahitaji kibali. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, makubaliano yanayowafungulia raia wa nchi wanachama kazi katika nchi za wenzao, ilianza kutumika Julai 2010, na Kongo ikawa mwanachama kamili wa Jumuiya Julai 2022. Mwenye karakana Kibirizi anasikia hayo, anamchukua fundi wa injini za boti aliyeshuka na meli jana, na Jumatatu anampa spana. Itifaki imefungua fani zilizoorodheshwa na kila nchi, na hata ndani ya orodha hiyo mfanyakazi mwenye mkataba unaozidi siku 90 anatakiwa kuomba kibali. Mkimbizi aliyetoka kambi ya Nyarugusu au Nduta naye anahitaji kibali chake. Akikamatwa karakanani, anayefikishwa mahakamani si yeye peke yake. Mwajiri naye ametenda kosa. Imeniuma zaidi ya mara moja kumwona fundi hodari akirudishwa ng'ambo ya ziwa kwa sababu bosi wake hakutaka kuuliza.

Kosa jingine ni kumleta mtu kwa visa ya matembezi ukitumaini kibali kitamkuta huku. Kibali kitoke kwanza, ndipo asafiri. Kama kazi ni ya wiki chache, mathalani kufunga mtambo na kuondoka, ipo visa ya biashara inayofika siku 90. Kwa kazi ya kudumu haifai.

Wenye miradi mikubwa, hasa wanaokuja kwa ajili ya reli ya kisasa ya Tabora–Kigoma, huniuliza kuhusu nafasi za wageni kwa wawekezaji. Sheria ya Uwekezaji ya 2022, iliyofutwa na sheria mpya mwaka 2025, ilizipandisha kutoka watano hadi kumi kwa mradi unapoanza. Kabla ya kuhesabu vichwa, pata maandishi kutoka TISEZA, mamlaka ya serikali ya uwekezaji na maeneo maalumu ya kiuchumi, kuhusu mradi wako mwenyewe.

Kibali hutolewa kwa muda usiozidi miaka miwili, kisha huhuishwa. Mimi huanza kuandaa maombi ya kuhuisha miezi mitatu kabla, na karatasi ya kwanza ninayoitafuta ni taarifa ya mrithi. Kule kiwandani niliipata mwezi uliopita: daftari la zamu lenye alama za mawese pembeni, na jina la kijana wa Mbeya kwenye safu ya boila, usiku tisa mfululizo, Mmalaysia akiwa amesaini kama msimamizi usiku wa kwanza tu.