Vikaragosi watovu wa adabu: kichekesho kichungu cha watu wazima ni kitu gani?

Ni kipindi cha televisheni ambacho wahusika wake, wote au baadhi yao, ni vikaragosi, yaani wanasesere wa sponji na kitambaa wanaochezeshwa kwa mkono, na mwenendo wao ni ule ambao mzazi asingependa mwanawe wa skuli auone. Wanalewa, wanadhulumu, wanakopa hawalipi, wanavunja ndoa za wenzao, na mara nyengine wanakufa vibaya. Kinaitwa kichungu kwa kuwa kinachekesha kwa mambo ambayo kwa desturi hayachekwi: msiba, ufukara, ulevi, upweke.

Wengi wanaoanza kuandika aina hii hudhani kinachochekesha ni matusi. Matusi yanachekesha dakika mbili. Sikio likishazoea kusikia kitu chenye manyoya kikitukana, kipindi kimekwisha. Kinachokibeba ni jengine: kikaragosi hajui kama yeye ni kikaragosi. Ana kodi ya nyumba, ana wivu, anaona haya, anaogopa kufa. Akitenda ubaya, ubaya huo unamwangukia mtu na hausahauliki wiki ijayo. Siku atakapoikonyeza kamera kwamba "mimi sponji tu", mtizamaji hana tena sababu ya kumhofia wala kumhurumia.

Tuseme tunaandika kipindi cha hapa Unguja. Kima punju mmoja amekabidhiwa na watu wa mtaa mchango wa hitma aupeleke kwa mpishi. Anautafuna. Njia dhaifu ni kumfumania, kumtukana, kumpiga kandambili, watu wakacheka, basi. Njia yenye uchungu ni hii: kima anakwenda kwa mpishi, anakopa chakula chote kwa jina la mjane, kisha siku ya hitma anakaa mbele na kulia kuliko wafiwa. Sheha anamsifu mbele ya watu kwa moyo wake mwema. Wiki ya pili mpishi anabisha hodi kwa mjane. Hakuna tusi hata moja hapo, na kima hajaadhibiwa, lakini kila mjane atakapopita barazani mtizamaji atacheka huku roho inamsuta. Angalia pia kwamba anayechekwa ni mwizi na wanaodanganyika naye. Ukiuelekeza mzaha kwenye dua yenyewe, umepoteza watizamaji wa kisiwa kizima, na kwa haki.

Kwa nini usimpe mwigizaji mtu sehemu hiyo? Kwa sababu mtu akiitenda, kufika kipindi cha tatu anachukiwa. Uso wa kitambaa unasamehewa haraka, kwa hivyo mwandishi anaweza kumpeleka mbali zaidi katika ubaya.

Jambo hili ni kongwe kuliko televisheni. Karagöz wa Waturuki, kivuli cha ngozi kinachochezeshwa nyuma ya shuka, alikuwa burudani ya mikahawani usiku wa Ramadhani, na mdomo wake haukuwa na breki. Uingereza wana Punch, mwenye kirungu, anayempiga kila anayemkaribia. Samuel Pepys aliandika kuwa alimtazama London mwaka 1662. Kwenye televisheni, Spitting Image ya Uingereza (1984 hadi 1996) na Les Guignols ya Ufaransa, iliyoanza 1988, ziliwakejeli wanasiasa, na kwetu Afrika Mashariki ikaja The XYZ Show ya Kenya mwaka 2009, kazi ya mchora katuni Gado, ambaye ni Mtanzania. Hivi vya siasa ni binamu tu wa aina tunayoieleza, maana humfuata mtu halisi. Ndugu wa damu ni kama Greg the Bunny ya Marekani (2002): vikaragosi ni raia wanaoishi na watu, wanafanya kazi kwenye kipindi cha watoto, na vituko vyote viko nyuma ya kamera. Kwenye chaneli ya Fox haikuvuka msimu mmoja.

Sasa ufundi, maana hapa ndipo vipindi vingi vinapokufa. Kichwa hukatwa kwa sponji ya godoro ya unene wa sentimita 1 hadi 1.5. Kikizidi nusu kilo, mkono ulioinuliwa juu utaanza kutetemeka baada ya dakika chache, na mtizamaji ataona kikaragosi mwenye homa. Macho ni mipira ya tenisi ya meza, milimita 40, iliyokatwa nusu. Mboni zisogee kidogo kuelekea puani, la sivyo atakuwa anatazama ukuta. Kope ikifunika theluthi ya juu ya jicho, tayari una sura ya mtu mwenye madeni.

Gundi ya viatu hupakwa pande zote mbili, ukangoja dakika 10 hadi 15 mpaka isinate kidoleni, ndipo ukabana. Wakati wa masika hapa petu hewa ina maji mengi: gundi inapokauka inapoa, unyevu unatua juu yake, inafanya ukungu mweupe, na kesho taya limebanduka. Fanya kazi mchana kwenye chumba kikavu, au ipashe moto kidogo kwa mashine ya kukaushia nywele baada ya harufu kali kuondoka, si kabla, maana mvuke wake unawaka.

Mdomo: vidole vinne juu, gumba chini, na kinachoshuka ni gumba. Ukiinua vidole, kichwa kinaruka nyuma kwa kila neno. Kiswahili kina mtego wake, kwa kuwa karibu kila silabi inaishia kwa irabu. Ukizifuata zote, kikaragosi anaonekana anatafuna embe. Katika "sitakulipa" fungua kidogo tu mwanzoni, upanue kwenye "li". Katika "mpumbavu" anza mdomo umefungwa, kwa ajili ya ile "m". Mchezeshaji atazame skrini ndogo miguuni mwake, naye azoee kuwa picha haigeuzwi kama kioo: kushoto kwake ni kulia kwenye picha.

La kurusha hewani. Kabla hata ya kurekodi, peleka mswada kwa Baraza la Sanaa, Sensa, Filamu na Utamaduni Zanzibar, na useme wazi kuwa ni cha watu wazima. Hatari kubwa ya aina hii ni manyoya yenyewe: bibi akiona sungura kwenye skrini, anamwachia mjukuu rimoti na kwenda jikoni. Kirushwe baada ya saa nne usiku, na alama ya 18+ ikae kwenye picha muda wote, kwa sababu vipande vitakatwa na kuzungushwa kwenye WhatsApp bila tangazo la mwanzo.