Mbwa Asiyejulikana: Historia ya Mbio za Greihaundi Wachanga

Katika vibanda vya kubeti vya Dar es Salaam na Nairobi kuna skrini inayoonyesha mbwa sita wakifukuzana kwenye uwanja wa mviringo. Ni mbwa wa kompyuta, na baada ya dakika chache wanaanza upya bila hata kuhema. Mwanafunzi mmoja wa tiba ya mifugo aliwahi kuniuliza: wale mbwa wana umri gani? Hawana umri. Kwa greihaundi wa damu na mifupa, wale mbwa wembamba wa mbio, lakini, umri ndio uliozaa aina nzima ya mashindano, yale ya mbwa wachanga ambao hata mwenye mbwa hajui miguuni mwao mna nini.

Chimbuko lake ni Uingereza, kabla ya viwanja. Mbwa wawili walifunguliwa shambani kumfukuza sungura mwitu, na jaji aliyepanda farasi alitoa alama kwa kasi na kwa namna mbwa alivyomgeuza sungura, si kwa kumkamata tu. Shindano kubwa kuliko yote, Waterloo Cup, lilianzishwa mwaka 1836 huko Altcar, karibu na Liverpool, na William Lynn, mwenye hoteli. Mashindano ya shambani yaliwagawa mbwa kwa misimu ya kuzaliwa, na hapo penye umri ndipo penye udanganyifu. Mtu angeweza kumleta mbwa mzoefu akaapa kwamba huo ndio msimu wake wa kwanza. Klabu ya kitaifa iliundwa mwaka 1858, na mwaka 1882 likafunguliwa daftari la ukoo la kuandikisha mbwa na wazazi wao. Bila daftari, "mchanga" ni neno la dalali.

Kwa nini watu walihangaika hivyo? Kwa sababu ya mbwa kama Master M'Grath. Alizaliwa Ireland mwaka 1866, kadogo ka mwili, na inasimuliwa kwamba alipokuwa mdogo iliamriwa auawe kwa kuwa hafai. Februari 1868, akiwa bado katika msimu wake wa kwanza, alitwaa Waterloo Cup. Akaitwaa tena mwaka 1869 na 1871. Kati ya hapo, mwaka 1870, alishindwa na akatumbukia katika mto Alt uliokuwa umeganda barafu, ikabidi aopolewe. Ukishaona jambo kama hilo, kila mbwa mdogo bandani unamtazama mara mbili.

Hapa wasomaji wengi huchanganya mambo. Kuna mbio za wachanga, ambapo kigezo ni umri. Kuna mbio za wasiowahi kushinda, na humo mbwa mzee mzembe anaweza kuingia. Halafu kuna zile ninazoziona za ajabu kuliko zote, ambapo ada hutangulia kulipwa kwa ajili ya uzao, watoto wangali tumboni au wakiwa wananyonya, na anayezubaa kujiandikisha amekosa hata mbwa wake akiwa upepo. Huko ni kununua mbuzi kwenye gunia, ila wazalishaji wameupenda utaratibu huo kwa sababu ada huingia kwenye zawadi, na mtoto wa jike asiye na jina hupata siku yake.

Uwanja wa mviringo ulichelewa kufika. Mwaka 1876 huko Hendon, London, walijaribu sungura wa bandia kwenye reli iliyonyooka. Ilikuwa kupima kasi tupu, na watu walichoka haraka. Mmarekani Owen Patrick Smith ndiye aliyefanikiwa kumzungusha sungura wa mashine, mwaka 1919 huko Emeryville, California. Uingereza ilimpokea sungura huyo Julai 24, 1926, katika uwanja wa Belle Vue, Manchester. Watu wapatao 1,700 walimwona Mistley akishinda mbio za kwanza. Usiku ule mbwa wote walikuwa wageni wa mchezo ule mbele ya umma wa Uingereza, hata waliokuwa wazee.

Ugeni huo haukudumu. Mbwa walipoanza kujulikana, matokeo yakaanza kutabirika, na mbio za wachanga ndizo zilizorudisha shaka uwanjani. Wembley ilikuwa na Trafalgar Cup, Wimbledon ikawa kwa miongo mingi nyumbani kwa Puppy Derby, shindano kubwa la wachanga, na Ireland ikawa na yake pale Harold's Cross, Dublin. Udanganyifu wa zamani nao ulirudi, wa kupachika mbwa mwingine mahali pa yule aliyeandikishwa. Dawa yake ikawa kitabu cha utambulisho chenye rangi, madoa, hata rangi ya kila ukucha.

Sasa nirudi kwenye taaluma yangu, tiba ya mifugo. Uingereza hairuhusu mbwa kushindana hadharani kabla ya miezi 15, na sababu iko mguuni. Mbwa hawa hukimbia kinyume cha mshale wa saa, kwa hiyo kila kona mguu wa nyuma wa kulia hubeba mzigo wa ziada. Mazoezi huufanya mfupa ujijenge upya, ule wa kulia tofauti na wa kushoto, lakini huo ni ujenzi wa miezi. Mfupa mmoja mdogo wa kifundo cha kulia ndio tunaoukuta umevunjika mara kwa mara. Mbwa mchanga anaweza kuwa na kasi ya mkubwa juu ya kifundo ambacho bado kinajengwa.

Kingine kilichowamaliza wachanga ni distempa, ugonjwa wa virusi unaoshambulia mbwa. Mick the Miller, mbwa wa Ireland aliyeshinda Derby ya Uingereza, shindano kuu la greihaundi nchini humo, mwaka 1929 na 1930, alikaribia kufa kwa ugonjwa huo alipokuwa mdogo. Miaka hiyohiyo Patrick Laidlaw na George Dunkin walikuwa Mill Hill, London, wakiutafutia chanjo kwa kutumia vicheche wa kufugwa. Ni vicheche haohao waliosaidia kutenga virusi vya mafua ya binadamu mwaka 1933. Kwetu distempa si hadithi ya ng'ambo: mwaka 1994 iliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti.

Na yule mchanga aliyejaribiwa akaonekana hana mbio? Zamani wengi waliuawa, na hilo ndilo doa kubwa la mchezo huu. Mwaka 1975 Uingereza ilipata shirika la kuwatafutia makao waliostaafu. Wengine huitwa kwenye hospitali za wanyama, kwa kuwa damu ya greihaundi ina chembe nyekundu nyingi kuliko ya mbwa wa kawaida, na wengi wao wana kundi la damu linalofaa kuongezewa mbwa wengine. Mshipa wao wa shingo unaonekana vizuri, nao husimama kwa utulivu hadi mfuko ujae.