Je, wajua laptopu yenye diski tupu huuitaje mfumo endeshi kupitia kebo?

Fundi wa Langoni, mjini Lamu, akiletewa laptopu kumi kuukuu za shule, kuzipitia moja moja na flashi ni kazi ya kuchosha. Nyingine matundu ya USB yameliwa na chumvi, nyingine BIOS, programu ya kuwashia mashine, haikubali kabisa kuanzia kwenye flashi. Inabaki kebo ya mtandao. Lakini diski ikiwa tupu, nani anaiambia mashine iombe nini, na kwa nani?

Ni kadi ya mtandao yenyewe. Mashine hubeba programu ndogo ya kadi hiyo, iitwayo PXE. Ukiwasha na kubonyeza F12, kama kwenye Dell na ThinkPad nyingi, hupiga mbiu kwenye waya: sina anwani, nani atanipa? Seva ya DHCP, yaani mgawaji wa anwani, hujibu kwa kuipa anwani ya IP pamoja na jina la faili ya kuanzia. Faili huvutwa kwa TFTP, njia sahili ya kuhamisha faili, kipande kwa kipande, kwa kawaida baiti 512, na kila kimoja husubiri kuthibitishwa. Ni mwendo wa kobe, ndiyo maana huvutwa kianzio tu. Vifurushi vikubwa vya programu hupita HTTP, njia ya kurasa za wavuti.

Tafuta laptopu moja nzima yenye Debian, aina ya Linux, iwe seva, swichi ya matundu 8 na kebo za Cat5e. Seva ipate intaneti ya simu kwa wifi. Upande wake wa kebo uupe anwani 192.168.50.1. Sakinisha dnsmasq (hutoa DHCP na TFTP) na apt-cacher-ng (hutunza nakala za vifurushi), fungua netboot.tar.gz ya Debian (faili za kuanzia) ndani ya /srv/tftp, kisha andika kwenye dnsmasq.conf:

interface=enp3s0
dhcp-range=192.168.50.50,192.168.50.150,12h
dhcp-boot=pxelinux.0
enable-tftp
tftp-root=/srv/tftp

Jina enp3s0, la kadi ya mtandao ya seva, hutofautiana. Amri ya ip a itakuonyesha lako. Mashine za biti 32 zipe Debian 12 ya i386 (toleo la biti 32), kwa kuwa Debian 13 haina tena kisakinishi chake. Kisakinishi kikikuuliza proksi (mpatanishi wa kushusha vifurushi), jaza http://192.168.50.1:3142. Hapo vifurushi hushushwa mara moja, na laptopu zinazofuata hupewa nakala iliyokwisha hifadhiwa. Kwa anayenunua bando, hilo peke yake linatosha kuiacha flashi.

Ikitokea hitilafu PXE-E61, waya haushiki. Mara nyingi ni kutu ya kijani kwenye pini za tundu: toa betri, sugua kwa brashi laini na aisopropili, acha ikauke. PXE-E51 maana yake hakuna DHCP iliyojibu. PXE-E53 ndiyo hupotosha watu: anwani imepatikana, jina la faili halikuja. Kagua kama ruta ya wifi imechomekwa kwenye swichi ileile ikawahi kujibu. Ichomoe. PXE-E32 ni TFTP iliyonyamaza. Angalia kama ukuta wa moto wa seva umefunga bandari 69 ya UDP.

Halafu kuna betri ndogo ya saa, mara nyingi CR2032. Ikifa, tarehe hurudi nyuma miaka, na kisakinishi hukataa vifurushi kwa kuona sahihi zake za kidijitali bado hazijaanza kutumika. Rekebisha tarehe ndani ya BIOS kwanza.

Wifi haisaidii hapa, kwa sababu PXE ya mashine hizi hupita kebo tu. Adapta ya kebo ya USB nayo BIOS za zamani kwa kawaida haziitambui. Tundu likiwa limekufa kabisa, toa diski, isakinishie kwenye laptopu nyingine, kisha uirudishe.