Petroli Isitumike Kusafishia Vipuri: Namna ya Kuchagua Kiyeyushi cha Grisi

Mafundi wengi husafisha vipuri vyenye grisi kwa kuvichovya katika beseni la petroli na kuvisugua kwa mikono mitupu. Grisi hutoka upesi, na ndiyo maana mazoea haya hayaachwi. Hata hivyo, petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, na kwa kuwa mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni hadi ukakutana na jiko, cheche za grainda au swichi ya umeme iliyo mbali na beseni lenyewe. Aidha, petroli huwa na benzini, kemikali inayosababisha saratani ya damu. Kwa hiyo ushauri wetu hauna masharti: petroli isitumike kusafishia kipuri chochote.

Kazi ianze kwa kukwangua. Uchafu wa injini ni grisi iliyoshikana na vumbi na mchanga, na kiyeyushi kikimwagwa juu ya tabaka nene huishia kulowesha sehemu ya juu tu. Ukwanguliwe kwa kipande cha mbao au plastiki, kisha kipuri kilowekwe katika maji ya moto yenye sabuni ya kuondolea grisi. Vipuri vingi vya chuma havihitaji zaidi ya hapo, ila vikaushwe mara moja na kupakwa mafuta mepesi visishike kutu. Tahadhari kubwa ni kwa alumini: sabuni zenye kostiki soda huila. Ukiona mapovu madogo yakipanda kutoka kwenye kipuri na uso wake ukigeuka kijivu au mweusi, kitoe na ukisuuze kwa maji mengi, kwani mapovu hayo ni gesi ya haidrojeni, nayo huwaka.

Beringi na vipuri vingine visivyofaa kulowekwa majini husafishwa kwa mafuta ya taa au spiriti nyeupe, yaani kiyeyushi cha kupunguzia rangi za mafuta. Mvuke wa mafuta ya taa kwa kawaida huanza kushika moto kwenye nyuzi 38 au zaidi, hivyo yana nafuu kubwa kuliko petroli, lakini nafuu hiyo hupotea yakipashwa moto au yakipulizwa kama ukungu. Beringi isizungushwe kwa upepo wa kompresa inapokaushwa, kwa sababu inaweza kupasuka na kurusha vipande.

Breki zina masharti yake. Mafuta ya taa huacha utando unaopunguza mshiko wa pedi, na mafuta yatokanayo na mafuta ghafi hufurisha mipira ya mfumo wa breki, kwa hiyo itumike dawa maalumu ya kusafishia breki. Lebo yake isomwe kwa makini. Ikiwa ina heksani, kuivuta kwa muda mrefu huharibu neva za mikono na miguu, na dalili ya kwanza huwa ni ganzi vidoleni. Ikiwa ina klorini, huenda isishike moto, na hapo wengi hudhani ni salama. Lakini kipuri kilichobaki na unyevu wake kikichomelewa, joto huigeuza kuwa gesi ya sumu iitwayo fosjini, ambayo inaweza kuua. Vumbi la breki nalo lisipulizwe, kwani pedi za zamani huenda zina asbesto, nyuzi za madini zinazosababisha saratani zikivutwa. Lilowekwe kwanza, kisha lipanguswe.

Kazi yoyote ya viyeyushi ifanyike mahali penye hewa ya kutosha, kwa miwani ya kinga na glavu za naitraili (aina ya mpira wa sintetiki), kwani glavu za mpira wa kawaida huharibiwa na mafuta haya. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii mvuke.

Kiyeyushi kisihifadhiwe kamwe katika chupa ya kinywaji. Mtoto akikinywa, asitapishwe, kwa sababu mafuta yanaporudi juu huweza kuingia mapafuni na kuyajeruhi vibaya. Apelekwe hospitali mara moja pamoja na chombo chenyewe ili daktari ajue alichokunywa.