Kutapika damu kwa mgonjwa wa ini: ya mtaani na ya chumba cha kamera

Tuanze na hii dhana ya vidonda vya tumbo maana ndo inayochelewesha wengi. Mtu anatapika damu beseni nusu, ndugu wanasema hivyo ni vidonda, mnunulieni omeprazoli na maziwa, wengine wanaanza kuulizana nani kamloga. Sawa, vidonda vinatoa damu, sikatai. Lakini kama huyo mtu ana homa ya ini B ya miaka, au kapiga sana pombe, au tumbo limeshajaa maji, fikiria ini kwanza. Ini likishapata sirosisi, yaani limejaa makovu na kukakamaa, damu inayotoka kwenye utumbo na bandama inakosa pa kupita, presha inapanda kwenye ule mshipa mkubwa unaoingia kwenye ini, damu inaanza kutafuta vichochoro na kimojawapo ni vile vimishipa vya chini kwenye umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, vinavimba vinavimba mpaka siku kimoja kinapasuka. Omeprazoli inapunguza asidi tu, hiyo presha haiigusi. Na si lazima atapike, wengine wanapata choo cheusi tii kinachonata na harufu yake ukiisikia mara moja huisahau, hiyo nayo ni damu, hapo hakuna kusubiri kukuche.

"Mbona yeye hanywi, mlokole kabisa?" Haijalishi. Homa ya ini B na C haziulizi mtu anasali wapi, na ini lenye mafuta nalo linafika hukohuko. Halafu kwa watu wa kando ya Ziwa Victoria kuna kichocho cha tumbo, mayai ya minyoo yanakwama kwenye vimishipa vya ini miaka na miaka, hapo ini lenyewe linaweza kuwa linafanya kazi vizuri tu, tofauti na sirosisi, ila presha ni ileile na mishipa inapasuka vilevile. Prazikwanteli inaua minyoo, lakini mishipa ikishakuwa minene usitegemee kidonge kiiondoe.

Sasa kamera, yaani endoskopi, ule mpira mwembamba wenye kamera unaopitishwa mdomoni kutazama umio na tumbo. Hapa ndo maneno mengi. Eti ule mpira ukiingizwa utapasua mishipa mgonjwa afe palepale. Ukweli ni kwamba kinachoua ni damu yenyewe na ini lililochoka, ndo maana miongozo inataka endoskopi ifanyike ndani ya saa 12 tangu mgonjwa afike, hali yake ikishatulizwa, na kama amechanganyikiwa au bado anatapika damu anawekewa kwanza mpira wa kupumulia ili damu isiingie kwenye mapafu. Hatari zipo, hakuna daktari mkweli atakwambia hazipo, lakini kumwacha hivyohivyo ni mbaya zaidi kwa mbali.

Inavyofanyika: mgonjwa analala ubavu wa kushoto, anapuliziwa dawa ya ganzi kooni, anang'ata kidude cha plastiki ili asiume mpira. Kwenye ncha ya kamera kuna kikofia cha plastiki kinachoonyesha, na juu yake vimepangwa vimpira vidogo, mara nyingi 6 au 7. Daktari anasogea kwenye mshipa, anaunyonya uingie ndani ya kikofia mpaka skrini nzima inakuwa nyekundu, anazungusha kitufe, kimpira kinaruka kinaubana mshipa kwenye shina lake. Akirudi nyuma unaona kitu kimesimama pale kama zambarau. Anahamia mwingine. Hakuna kisu wala nyuzi. Kama mshipa uliopasuka uko ndani ya mfuko wa tumbo wenyewe na si kwenye umio, mara nyingi wanachoma gundi maalum badala ya kimpira.

Na vile vimpira havitolewi kwa operesheni jamani. Nyama iliyobanwa inakufa, inadondoka na kimpira chake baada ya siku kadhaa, vinapita chooni wala hujui. Pale panabaki kidonda, kwa hiyo kifua kuuma siku za mwanzo ni kawaida, kula uji na vitu laini, mihogo ya kukaanga iache kwanza. Damu ikirudi siku hizo, hospitali hapohapo.

Ugomvi mwingine wodini ni wa damu. Ndugu wamehangaika wamechangia, wanaona mgonjwa kaongezewa kidogo halafu imesimamishwa, wanahisi imeuzwa. Kumbe hapa kumjaza damu kunapandisha ileile presha na mishipa inafunguka tena, lengo ni himoglobini, yaani kipimo cha wingi wa damu, ibaki kwenye 7 au 8, si 12. Hata antibaotiki watu wanaishangaa wakati hana homa, wakati mgonjwa wa sirosisi akivuja damu anashambuliwa na bakteria kirahisi mno, na hizo sindano zinaokoa maisha kweli.

Ila dhana inayoniuma kuliko zote ni "ameshafungwa, amepona". Hapana! Kimefungwa kilichovuja, presha bado iko palepale. Anatakiwa arudi kila baada ya wiki 2 mpaka 4, afungwe tena na tena mpaka mishipa iishe, halafu aendelee kuchunguzwa maana huwa inaota upya. Asiporudi na asipotumia dawa, zaidi ya nusu wanavuja tena ndani ya mwaka mmoja au miwili. Najua nauli na bili zinakatisha tamaa, na mtu akijisikia vizuri haoni sababu, lakini hapo ndo tunawapoteza. Vilevile propranololi au karvediloli anayopewa, jirani anamwambia "hiyo ni ya presha na wewe huna presha, acha", anaacha. Inapewa kushusha presha ya mshipa wa ini, ile ambayo mashine ya mkononi haiioni. Ikimletea kizunguzungu arudi kwa daktari apunguziwe, asiache kimyakimya.

Dawa za kusafisha ini zinazouzwa kwenye chupa sizizungumzii sana, hazifungui makovu, na nyingine zinaliumiza ini lililobaki. Maumivu ya mgongo au kichwa yakija, diklofenaki, ibuprofeni na aspirini za duka la dawa asiguse, zinachokoza damu na figo. Parasetamoli ndo salama zaidi, lakini isizidi gramu 2 kwa siku, yaani vidonge 4 vya miligramu 500.