Filamu ya Untraceable na imani kwamba mhalifu wa mtandaoni hakamatiki

“Watu wa mtandaoni hawakamatiki.” Kauli hii tunaisikia mara nyingi kutoka kwa watu waliotapeliwa au kutishwa, na wengi wameifanya sababu ya kutoripoti. Filamu nazo huichochea imani hiyo, hasa Untraceable ya mwaka 2008, iliyoongozwa na Gregory Hoblit. Diane Lane anacheza kama Jennifer Marsh, ofisa wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani, mjini Portland, anayemsaka muuaji anayerusha mauaji mubashara kwenye tovuti yake. Watazamaji wakizidi kuongezeka, mateka naye huzidi kukikaribia kifo.

Wazo hilo ni zito na lilistahili filamu bora. Badala ya kumkabili mtazamaji anayebofya, filamu inakimbilia mitambo ya kutesea watu, na muuaji anageuka kuwa gwiji anayewazidi polisi wote akili.

Kiufundi ndiko inakopotosha zaidi. Tunaambiwa tovuti haifungiki kwa kuwa inahamahama kati ya kompyuta nyingi zilizoambukizwa virusi vya kompyuta. Mbinu hiyo ipo kweli, na wahalifu walikuwa wakiitumia miaka hiyo. Lakini hata kompyuta zikibadilika kila dakika, jina la tovuti linabaki lile lile, na kila jina lina mahali liliposajiliwa. Tovuti ya muuaji huyu inaishia na .com. Majina yote ya .com yanasimamiwa na kampuni ya Verisign, yenye makao yake Virginia, humo humo Marekani, na tangu 2010 mamlaka za nchi hiyo zimekuwa zikiyakamata majina ya namna hiyo kwa amri ya mahakama. Jina likishakamatwa, anayeliandika hafiki tena kwenye tovuti ya mhalifu.

Tazama sasa kisa cha kweli. Dennis Rader, aliyejiita BTK (kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya funga, tesa, ua), aliua watu 10 katika eneo la Wichita, Kansas, kati ya 1974 na 1991. Mwaka 2004 alianza tena kuwaandikia polisi na vyombo vya habari, na baadaye akauliza kama anaweza kutuma diski ya flopi, kifaa cha zamani cha kuhifadhia mafaili ya kompyuta, bila kutambuliwa. Polisi wakamjibu kupitia tangazo la gazeti kwamba hakuna tatizo. Februari 2005 diski ikafika. Wachunguzi walikuta ndani yake mabaki ya faili lililofutwa, na taarifa za faili hilo zilitaja Christ Lutheran Church pamoja na jina la aliyelihariri mwisho: Dennis. Kutafuta kidogo tu mtandaoni kulionyesha kwamba kiongozi wa baraza la kanisa hilo ni Dennis Rader. Alikamatwa tarehe 25 mwezi huo huo, na vipimo vya vinasaba vikathibitisha kwamba ndiye.

Filamu haikukosea kuhusu watazamaji. Machi 15, 2019, mauaji ya waumini misikitini Christchurch, New Zealand, yalirushwa mubashara Facebook. Kwa mujibu wa kampuni hiyo, walioyatazama wakati yakirushwa hawakufika 200, lakini ndani ya saa 24 za kwanza ililazimika kuondoa nakala milioni 1.5 za video hiyo. Inaumiza kuiwazia familia iliyokuwa ikizika mtu wake huku simu za watu zikipokezana dakika zake za mwisho. Ukikutana na video kama hiyo, iripoti kwenye mtandao husika na usimtumie yeyote, hata kama nia yako ni kulaani.

Na ukitapeliwa au kutishwa, usifute mazungumzo kwa hasira wala kwa aibu. Picha ya skrini inasaidia, ila wapelelezi wanahitaji zaidi ujumbe wenyewe, anwani kamili ya ukurasa, jina la akaunti, namba ya muamala na saa ya tukio, maana kwa hivyo ndipo huweza kuomba kumbukumbu kutoka kampuni husika. Ripoti mapema. Kumbukumbu nyingi huhifadhiwa kwa muda maalumu, kisha hufutwa.